Robo Mzunguko wa Spana

Jumapili, 1 Machi

Injini haijafa. Mimi ndiye ninayeiua, kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, nyumba ikiwa tupu.

Hilo ndilo nililoficha. Nimeliandika, na dari bado liko juu. Maisha yangu yote ya kazi nilikaa kwenye kiti kirefu nikiwaamuru watu waseme kweli tupu, na wengine niliwafunga kwa kuisema nusu. Leo miguu imevimba kama mikate, kifua kinapiga filimbi, na kila Ijumaa mkononi nina spana ya kuazima. Hakimu mstaafu! Wale niliowafunga wangeniona, wangecheka mpaka wakae chini.

Niyapange mambo, kama nilivyokuwa nikiwataka mawakili wayapange. (Hawakuyapanga.)

Valvu moja ya moyo wangu imechoka. Daktari anataka kunifungua kifua aweke nyingine. Binti yangu anataka. Mimi sitaki. Siogopi – sijaogopa kitu tangu nilipomwogopa marehemu mama mkwe wangu, na yule alistahili. Sitaki tu. Nimeishi vya kutosha, na sioni sababu ya kufunguliwa kama kopo la samaki ili nipate miaka mingine ya kunywa uji.

Mwezi wa kwanza, mezani, Binti aliniwekea fomu ya hospitali karibu na sahani. "Baba, saini hapa." Nikatazama nje. Mashua yangu ya tanga iko uani, imeegemezwa kwenye magogo tangu mama yake afariki. Injini yake iko kwenye banda la gari chini ya turubai, na panya walikuwa wamezalia ndani ya kichujio cha hewa. Nikasema, kwa sauti yangu ya mahakamani: siku injini ile itakapowaka, siku hiyohiyo natia saini.

Nilijiona mjanja! Injini ilikuwa maiti yenye bolti.

Nilimsahau mume wa binti yangu. Alikuwa anatafuna. Akameza, akasema, "Sawa, Baba." Jumamosi iliyofuata akaja na sanduku la spana jipya kabisa, kila spana bado imebandikwa bei.


Jumatano, 4 Machi

Mkwe wangu anauza mapazia. Nalisema bila dharau – au kwa dharau kidogo, ya kuonja tu. Duka ni lake, mapazia ni mazuri, na ukikaa naye dakika mbili utaelezwa tofauti ya kitambaa kinachoanguka vizuri na kinachoning'inia kama mgonjwa. Ufundi wa injini ameusomea kwenye simu. Anaiegemeza simu kwenye kopo la grisi. Mtu wa kwenye video anafungua bolti, naye anafungua bolti. Mtu wa kwenye video anasimama kunywa kahawa, naye anasimama. Matambara yake ya kufutia oili ni mabaki ya mapazia. Injini yangu inafutwa kwa mahameli yenye maua ya waridi! Hakuna dizeli iliyowahi kubembelezwa hivyo.

Lakini nimtendee haki. Amefungua kila kitu. Amewahamisha panya, mama na watoto, kwenye boksi la viatu. Amekwangua kutu kwa brashi ya waya mpaka kucha zikawa rangi ya matofali. Pistoni ilikuwa imeganda. Akaimiminia mafuta ya taa, akaiacha ilowe, akaigonga kwa kipande cha mti, polepole, kama mtu anayebisha hodi ukweni. Ikasogea. Nilikuwa kwenye kiti changu mlangoni mwa banda, na moyo wangu mbovu ukaruka. Hasira, nilijiambia.

Hapo ndipo nilipoanza uhalifu. Ni kazi ndogo, hata mtu anayekufa anaiweza. Injini imekaa juu ya mbao mbili nene. Dumu la dizeli liko sakafuni, na pampu inavuta mafuta kwenda juu kupitia bomba jembamba. Kwenye bomba kuna nati. Ukiilegeza robo mzunguko, haivuji, haionyeshi kitu – ila inanyonya upepo. Na dizeli yenye upepo haiwaki, hata umwite nani. Jumamosi Mkwe anatoa upepo, anazungusha hendeli, upepo unaingia tena. Anatoa. Unaingia. Mimi nakunywa chai.

Jioni hii alileta fundi. Nimempa jina la Sawa Tu.

"Fundi, huu mpira wa maji naona una ufa."

"Ah, huo sawa tu, bosi. Ufa wa kawaida."

"Na pampu inapiga kelele."

"Inasalimia tu hiyo."

"Sasa mbona haiwaki?"

Fundi akarudi nyuma hatua moja, akashika kiuno, akaitazama kwa huruma. "Uzee," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Au siyo, Mheshimiwa?"

Juu ya kichwa cha injini kuna kitundu chenye kifuniko kidogo cha shaba. Mkwe akauliza cha nini. Sawa Tu akafungua, akachungulia, akaingiza kidole, akakinusa. "Cha kiwandani hicho." Mkwe akatafuta kwenye simu, lakini injini ya mtu wa kwenye video haina kitundu. Wote wawili wakanitazama. "Baba, unakikumbuka hiki?" Nikapunga mkono hewani, nikakohoa, nikasema kumbukumbu zangu siku hizi zinakuja na kwenda. Uzee una faida zake, nao nimekuwa nikiutumia bila aibu.

Nakijua kitundu kile. Nakijua kuliko ninavyozijua sheria. Sitasema.


Jumamosi, 7 Machi

Haikuwaka!

Mkwe amezungusha hendeli asubuhi nzima. Injini hii ina kishikio kidogo juu: ukikiinua inazunguka kwa wepesi, ukishaipa kasi unakiangusha, nayo inabana pumzi na kutakiwa kuwaka. Mmoja azungushe, mwingine aangushe. Wa kuangusha ni Binti.

"Sasa!"

"Sasa hivi, au sasa ya kujiandaa?"

"Sasa, mke wangu, sasa!"

Kishikio kikaanguka. Kimya. Hata moshi hakuna.

Mama yake Binti ndiye aliyeiita injini hii Shahidi. Alisema ni kama mashahidi wangu: barazani wanaongea mpaka povu, ukiwapandisha kizimbani wanapoteza ulimi. Leo Shahidi amesimama kizimbani mpaka jua la utosi asitamke neno. Mkwe shati limelowa, kiganja kimechubuka. Alipomaliza akaja kuchuchumaa mbele ya kiti changu. "Baba, nisamehe. Nimekukalisha bure." Mimi! Ananiomba radhi mimi! Nikamwambia ajaribu kutoa upepo zaidi. Akashukuru kwa ushauri.

Nililala mchana usingizi wa mtu aliyeshinda kesi. Nilipoamka ushindi ulikuwa umechacha kidogo. Labda ile chai.


Jumatatu, 9 Machi

Kwa daktari. Kijana, viatu vinang'aa, naye ana video. Kila mtu siku hizi ana video. Akanionyesha moyo wa katuni ukifunguliwa na mikono ya katuni, hakuna tone la damu, muziki laini unapigwa. "Ni kama injini tu, Mzee. Tunatoa valvu iliyochoka, tunaweka mpya."

Nikamwambia: daktari, injini ukiikosea unaiacha chini ya turubai, hakuna anayevaa nguo nyeusi.

Binti akanikanyaga mguu. Ule uliovimba.

Daktari hakucheka. Alifunga kompyuta, akaongea polepole kama mtu anayesoma hukumu, na hukumu naijua sauti yake. Moyo unachoka haraka. Akiupata kabla ya mwisho wa mwezi huu, matumaini ni mazuri kuliko ninavyodhani. Ukipita mwezi, hautastahimili hata dawa ya usingizi. "Hapo, Mzee, utaniomba nikufanyie na mimi nitakataa."

Garini Binti aliendesha. Kwenye taa nyekundu akasema tu, akitazama mbele, "Na wewe na injini yako." Taa ikabadilika, wa nyuma wakapiga honi, hakuondoka.


Ijumaa, 13 Machi

Nimelegeza nati. Mkono ulitetemeka, spana ikaanguka mara mbili. Siogopi. Ni dawa zinatetemesha.


Jumamosi, 14 Machi

Haikuwaka. Lakini Mkwe amesema jambo ambalo silipendi.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya bomba, kisogo kimenielekea, akikaza nati ile. Akasema, kama anayeongea na injini: "Unajua, Baba, hili banda lina mwizi."

"Mwizi?"

"Mwizi muungwana lakini. Haibi kitu. Anaingia, anafanya kazi yake ndogo, spana anaifuta, anairudisha. Wezi wa siku hizi hawana malezi kama hayo."

"Umeripoti?" nikauliza. Uso mkavu. Nimewahi kuwakaushia uso mawakili wakubwa kuliko muuza mapazia.

"Sitaripoti. Ni mtu mzima. Nimeona nimwachie mwenyewe."

Akasimama, akafuta mikono kwenye waridi, akaniuliza kama nahitaji blanketi. Blanketi! Nikamwambia sihitaji. Nilikuwa na baridi sana.


Jumapili, 15 Machi

Chumba changu na jiko vimetenganishwa na ukuta mwembamba kama nia ya mwanasiasa. Sikutega sikio. Nilikuwa tu nimesimama karibu na ukuta, nimeuegemea, nimeacha kupumua.

Binti: kila wiki nati ileile? Mkwe: ileile. Amesema ameitia alama ya rangi ya kucha, tone moja kwenye nati na bomba, aone kama inahama.

"Rangi ya kucha ya nani?"

"Yako. Ile nyekundu."

"Ile ya sherehe?"

"Tone moja tu, mke wangu!"

"Na imehama?"

"Imehama."

Sahani ikawekwa chini kwa nguvu. "Basi mwambie!"

"Nimwambie nini? Baba mkwe, shikamoo, wewe ni mharibifu? Mimi nikitamka hivyo ulimi utaanguka sakafuni. Mwambie wewe, ni baba yako."

"Mimi nikimwambia atanihukumu. Humjui? Nimekulia mahakamani mimi. Nikivunja kikombe alikuwa akiniuliza kama nina shahidi."

Wakacheka! Wote wawili, kwa gharama yangu. Kisha Binti akauliza, sasa utafanya nini. Mkwe akasema atakaza. Mpaka lini? Mpaka mzee achoke. "Kwa sababu nikimshika, atasaini kwa aibu. Huwezi kumlaza mtu kwenye kitanda kile kwa aibu. Halafu..." akasita, "halafu napenda Jumamosi. Nyumbani kwetu baba hakukaa mlangoni kuniangalia nikifanya kitu."

"Atakufa kabla hajachoka," Binti akasema. "Humjui huyu." Akafungua maji ya bomba, akayaacha yanamwagika muda mrefu kuliko sahani mbili zinavyohitaji.

Basi wanajua. Nimekaa kitandani na fimbo yangu. Miaka yote ile ya kuvua watu uongo mmojammoja, na mimi nimekamatwa kwa rangi ya kucha!


Jumanne, 17 Machi

Kikohozi. Sikula. Binti ameleta supu, ameketi ukingoni mwa kitanda, hakusema lolote kuhusu nati. Mimi pia sikusema lolote kuhusu nati. Tumezungumzia chumvi.


Ijumaa, 20 Machi

Nilikwenda tena. Najua kwamba wanajua, na nilikwenda. Ndivyo walivyokuwa wakifanya washtakiwa wangu waliokwisha shindwa – wanaendelea kukana kwa sababu wamezoea. Niliwadharau sana kwa hilo.

Nilifika kwenye injini. Tone jekundu lilikuwa pale, dogo, limepakwa kwa uangalifu, kama kucha ya mtoto mchanga. Nikaweka spana. Nikavuta. Haikusogea: Mkwe siku hizi anakaza kwa nguvu ya kijana, mimi nalegeza kwa nguvu ya karatasi. Nikavuta kwa mwili mzima. Banda likazunguka. Nikaona mbao, dumu, boksi la viatu, kisha saruji.

Sijui nililala chini kiasi gani. Nilisikia geti. Mkwe alikuwa amefunga duka mapema. Alisimama mlangoni, akaniona: hakimu mzima, chali, shati la kulalia, spana mkononi. Ushahidi wa kutosha kumfunga mtu maisha.

Akapiga magoti. Akanichukua spana kutoka kwenye vidole, kimoja kimoja, maana vilikuwa vimeganda. Akaifuta kwa mahameli. Akairudisha kwenye nafasi yake ndani ya sanduku. Ndipo akauliza: "Baba, ulikuja kukagua?"

"Nilikuja kukagua," nikasema.

"Umeonaje?"

"Umekaza vizuri."

"Nashukuru, Baba."

Akaninyanyua. Akanibeba begani kama robota la kitambaa, na njia nzima akanisimulia kwamba mahameli ni mazito kuliko mtu anavyodhani. Nilitaka kumkemea. Pua yangu ilikuwa kwenye shingo yake iliyonuka dizeli, nikaiacha hapo.


Jumanne, 24 Machi

Kitandani. Nimepigwa marufuku kusimama. Daktari amempigia Binti simu. Nimesikia "mwisho wa mwezi" mara nyingi kuliko ilivyo lazima. Fomu imehamia juu ya kabati langu, chini ya glasi ya meno yangu ya bandia. Ni namna ya Binti ya kuongea.

Nati haina wa kuilegeza. Niandike basi kuhusu kitundu, mkono ukiwa bado unaandika.

Injini ya zamani kama hii, asubuhi ya baridi, haina pumzi. Pistoni imekula ukuta wake, kuna nafasi, na ile pumzi inayotakiwa kubanwa inatorokea pembeni. Kitundu kipo kwa ajili hiyo. Unafungua kifuniko, unatia kijiko kimoja cha oili safi, unafunga, unazungusha. Oili inaziba kilichoachwa na uzee, kwa muda wa mapigo machache. Mapigo machache yanatosha: ikishapata moto inajitafutia yenyewe.

Kazi ile ilikuwa ya mke wangu. Mimi nilikuwa wa hendeli na matusi. Yeye alitoka jikoni na kijiko cha supu, akamimina, akasema, "Mlishe kwanza, ndipo umhoji." Kila safari. Kijiko kilirudi jikoni bila kuoshwa vizuri, na kwa miaka mingi supu ya nyumba hii ilikuwa na ladha ambayo wageni hawakuielewa.

Aliingia chumba cha upasuaji akicheka. Jambo dogo, walisema, atatoka jioni. Aliniambia nisipike, nitaunguza sufuria. Nilisimama nje ya mlango ule wenye kioo cha duara na kofia yangu mkononi. Basi. Niliposhuka kwenye gari nyumbani nilikuwa bado nimeishika kofia.

Baada ya hapo nilifunika injini kwa turubai. Watu walisema mzee amechoka na bahari. Niliwaacha waseme.

Siogopi. Nimeliandika hilo mara ngapi sasa? Mtu akirudia jambo mara nyingi hivyo mbele yangu, nilikuwa namwambia karani alipigie mstari.


Jumamosi, 28 Machi

Naandika nikiwa bandani. Wamenibeba na kiti changu chote, kama bwana harusi. Blanketi magotini, daftari juu ya blanketi. Wanadhani naandika wosia, kwa hiyo hawachungulii. Watu wana adabu sana mbele ya wosia.

Baridi. Umande kwenye turubai. Nati sikuigusa, tone jekundu liko mahali pake, na mpira wa maji umetumbukizwa kwenye ndoo tayari kunyonya maji ya kupoza injini.

Mkwe amezungusha. Binti ameangusha kishikio – siku hizi anajua sasa ni ipi. Na safari hii, moshi! Mweupe, mara moja, pu! Kisha kimya. Tena. Pu! Kimya. Mkwe amerukaruka kama amefunga goli. "Yanafika! Baba, mafuta yanafika!"

Yanafika. Lakini hauwaki moto.

Wamejaribu mpaka jua limefika kwenye magogo. Wametazama video yote, hata pale mwisho ambapo mtu yule anaaga. Wamempigia Sawa Tu. Amesema moshi mweupe ni sawa tu. Sasa Mkwe ameketi sakafuni, mgongo kwenye gurudumu la gari. Viganja amevifunga mahameli, na kati ya yale maua, mengine si ya kiwandani, ni damu. Fomu imehamia mkobani mwa Binti: ameitoa, ameikunja, ameirudisha. Anaitazama mashua. Mimi hanitazami.

Hiki ndicho nilichotaka. Shahidi amenyamaza kwa hiari yake, na mimi mikono yangu ni safi. Jumanne mwezi unakwisha. Nimeshinda.

Nimeandika neno hilo, nikasubiri furaha yake. Haijaja. Badala yake nimejikuta nimeinama mbele kwenye kiti, blanketi limeanguka, nasema kimoyomoyo: ana baridi, wapumbavu nyie, ana baridi tu, mlisheni.

"Unasemaje, Baba?" Binti ameuliza.

Kumbe si kimoyomoyo.

"Kijiko," nimesema.

"Cha dawa? Si umeshakunywa asubuhi."

"Cha supu. Na oili safi."

"Oili ya kupikia?"

"Ya injini, mwanangu! Ya kupikia ya nini, tunakaanga?"

Mkwe ameinua kichwa. Ametazama kifuniko cha shaba. Amenitazama mimi. Nimeona Jumamosi zote zikipita usoni mwake, moja nyuma ya nyingine, na malengelenge yake yote.

"Baba. Ulikuwa unakijua?"

"Nilikijua."

Nimesubiri hasira. Ni haki yake, na ningeiandika yote hapa bila kupunguza. Amekaza mahameli viganjani. Kisha amesema, "Sawa, Baba," kama alivyosema siku ile mezani, na ameamka kwenda kuchukua kopo la oili.

Binti amerudi na kijiko. Ni kilekile – sikujua kama bado kipo, mpini umepinda kushoto. Mkwe amekipokea, amekifuta kwa kipande cha pazia, amefungua kitundu. Hakumimina. Amenigeukia. "Mlishe wewe. Mimi nitazungusha." Sasa anakivuta kiti changu karibu na injini, na mimi juu yake, mwandiko unaruka. Binti ameshika kishikio. Mkononi ana kalamu, sijui ameitoa wapi.

Niandike upesi. Mwezi mzima nimesema hapa mambo mawili, kwamba siogopi na kwamba sitaki iwake. Yote mawili ni uongo. Naogopa mpaka magotini.

Na nataka iwake.